Kuandika Upya Kisa Kinachojulikana: Mwongozo kwa Mwandishi wa Bunilizi

Kuandika upya ni kuchukua kisa ambacho tayari kina mwenyewe, au ambacho kimekuwa mali ya watu wote kwa kusimuliwa muda mrefu, na kukitungia matini nyingine inayosimama kwa miguu yake bila kuficha ilikotoka. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe: ana hadithi, utenzi au tamthilia isiyomtoka akilini, anahisi kuna jambo ndani yake ambalo halijasemwa, lakini hajui aanzie wapi wala anaruhusiwa kufika wapi. Nitaeleza njia ninayoifuata mimi, na nitautumia utenzi wa Fumo Liyongo kuonyesha kwa karibu jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Istilahi kuu hapa ni mwingilianomatini, yaani uhusiano wa matini moja na nyingine. Julia Kristeva ndiye aliyeiasisi kwa Kifaransa katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, akijenga juu ya mawazo ya Mrusi Mikhail Bakhtin kuhusu usemezano, yaani hali ya kila neno kuwa limekwisha kupita vinywani mwa wengine na kubeba sauti zao. Mwaka 1982 Gérard Genette aliipanga mada hii kwa utaratibu zaidi, akatenganisha aina tano za uhusiano baina ya matini: matini moja kuwamo ndani ya nyingine kwa nukuu, dokezo au wizi, uhusiano wa matini na vitu vinavyoizunguka, kama vile kichwa na dibaji, matini inayoijadili nyingine, kama ufanyavyo uhakiki, uhusiano wa matini na utanzu wake, na ule unaotuhusu sisi, yaani matini nzima kuota juu ya matini iliyotangulia. Kitabu chake alikipa jina la ngozi za kale zilizokwanguliwa maandishi ili ziandikwe tena, ambapo jicho makini bado liliweza kuiona mistari ya kwanza chini ya ile ya pili. Kwa mwandishi picha hiyo ina manufaa kuliko orodha yenyewe. Hutakiwi kuikwangua ngozi hadi iwe nyeupe, wala kupitisha wino mpya juu ya herufi zilezile. Unatakiwa kuandika kwa namna ambayo mistari ya chini inaonekana, na kuonekana kwake kunaongeza maana ya ile ya juu.

Tafsiri ni kazi nyingine. Mfano wake uko wazi katika mwaka mmoja, 1969. Mwaka huo Samuel Mushi alitoa Tufani, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Prospero, mtawala aliyepinduliwa, akaishia kisiwani na kumfanya Caliban, mwenyeji wa kisiwa hicho, kuwa mtumwa. Mwaka huohuo Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alichapisha kwa Kifaransa tamthilia yake mwenyewe juu ya kisa hichohicho. Mushi alijifunga kuyaleta maneno ya Shakespeare kwa msomaji mpya. Césaire hakujifunga hivyo: alimfanya Caliban kuwa mtumwa mweusi, Ariel, roho anayemtumikia Prospero, akawa chotara, akamwingiza mungu wa Kiyoruba, Eshu, na mwishoni akamwacha Prospero abaki kisiwani badala ya kurudi kwao. Neno la kwanza analolitamka Caliban wake ni la Kiswahili, nalo ni "Uhuru". Kazi zote mbili ni za heshima, lakini mtafsiri huulizwa kama amekuwa mwaminifu, ilhali anayeandika upya huulizwa kama alikuwa na sababu.

Sababu hiyo ndiyo roho ya mwongozo huu. Kwa maoni yangu, sababu pekee inayotosha ni ukimya uliomo ndani ya matini asilia yenyewe: mtu anayetenda bila kupewa kauli, tukio linalorukwa, uamuzi usioelezwa, swali ambalo kisa kinalifungua kisha kinalipita. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanakuwa na wazo lao tayari, labda kuhusu madaraka au ndoa au ukoloni, kisha wanatafuta kisa mashuhuri cha kulivalisha. Matokeo yake ni hotuba iliyoazima majina. Msomaji huligundua hilo upesi, kwa kuwa wahusika hawatendi tena kwa sababu zao, na kila mmoja husimama kwenye nafasi aliyowekewa akisubiri zamu yake ya kuthibitisha hoja.

Kusoma kwa ajili ya kuandika

Isome matini asilia kwanza kama msomaji wa kawaida, bila kalamu, hadi mwisho. Kisha irudie ukiwa na daftari, na safari hii usiandike maoni yoyote. Andika yaliyomo tu. Nani yupo katika kila tukio, nani anasema, nani anasemewa, muda gani umepita, kitu gani kimetajwa kwa jina na kipi kimetajwa kwa ujumla. Kazi hii huchosha, nami nakiri kwamba kwa miaka kadhaa niliikwepa nikiamini kuwa visa nilivyokua navyo ninavijua vya kutosha. Niliwahi kuandika upya kisa kizima kwa kutegemea kumbukumbu, nikajenga kilele chake juu ya jambo ambalo, nilipokuja kukisoma tena, halikuwamo kabisa. Nilikuwa nimelichanganya na kisa kingine. Kurasa zote zilizosimama juu ya kilele kile zilianguka pamoja nacho.

Daftari likishajaa, lisome peke yake bila matini. Hapo ndipo ukimya unapojitokeza, kwa sababu utaona majina yanayotokea mara nyingi kwenye safu ya wanaotenda na kukosekana kabisa kwenye safu ya wanaosema.

Tuuchukue utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya pwani yaliyokuwapo tangu zamani. Liyongo, shujaa mwenye nguvu za ajabu na mshairi, anaogopwa na mtawala wa Pate, naye anafungwa gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi huvila vyakula vizuri na kumwachia makombo. Liyongo anautuma ujumbe kwa mama yake kupitia Saada kwa njia ya wimbo: aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanachukua vyakula vizuri kama kawaida, wanaudharau mkate wa wishwa, na tupa inamfikia mfungwa. Kisha kunapigwa ngoma kubwa ya gungu, na chini ya kelele za siwa na matoazi Liyongo anazikata pingu na minyororo yake. Baadaye mtawala anamrubuni kijana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti yake. Kijana anaipata siri ya kifo cha baba yake na kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anatwaa upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti na kuuvuta, na anafia katika hali hiyo. Watu wa mji, wakidhani yu hai na ana hasira, wanaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa.

Ukiyaandika haya kwenye daftari kwa utaratibu niliousema, Saada atakusimamisha. Bila yeye kisa kinaishia gerezani. Ndiye mtu wa pekee anayeingia na kutoka, ndiye anayeubeba wimbo kichwani na mkate mikononi, na ndiye ambaye angeadhibiwa kwanza kama mlinzi mmoja angeumega mkate ule. Hata hivyo utenzi unamtuma, unamrudisha, na kisha haumrejelei tena. Hatujui kama aliogopa, kama aliuelewa ujumbe mara moja au alipofika nyumbani, wala ilikuwaje kwake pale Liyongo alipotoroka na walinzi wakaanza kuuliza tupa iliingiaje. Huo ni ukimya wa kweli, kwa maana utenzi wenyewe unaushuhudia: umetuonyesha mlango, umetuonyesha mtu akipita mlangoni, halafu ukageuza uso.

Linganisha na ukimya wa uongo. Mtu anaweza kuuliza Liyongo aliota nini usiku wa kuamkia kifo chake. Utenzi haukusema, ni kweli, lakini haukusema pia mambo elfu mengine, na hakuna kitu ndani yake kinacholidai jibu hilo. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mtu aliyeusoma utenzi kwa makini, akiulizwa swali lako, angeshtuka kwamba hakuwahi kujiuliza? Kama angeinua mabega tu, tafuta swali jingine.

Jean Rhys alifaulu kipimo hicho mwaka 1966 kwa riwaya yake. Katika riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847, Jane Eyre, yumo mke wa kwanza wa bwana mwenye nyumba, mwanamke kutoka Jamaica aliyefungiwa ghorofani kwa kuwa ni mwendawazimu. Anacheka, anauma, anachoma nyumba, lakini habari zake zote tunazipata kwa kinywa cha mumewe na cha wengine. Rhys, ambaye mwenyewe alizaliwa Dominica, alimrudishia utoto, jina na sehemu kubwa ya usimulizi. Baada ya hapo watu wengi hawawezi tena kukisikia kicheko kile cha ghorofani kama walivyokisikia awali. Hiyo ndiyo dalili ya kuandika upya kulikofanikiwa: usomaji wa matini ya kwanza unabadilika, ingawa hakuna herufi yake hata moja iliyoguswa.

Kuamua nini kibaki na nini kiende

Ukishaupata ukimya, weka mkataba na matini asilia kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Orodhesha mambo usiyoruhusiwa kuyagusa na mambo uliyojipa ruhusa ya kuyageuza, kisha uheshimu orodha hiyo. Hakuna sheria ya jumla kuhusu yepi yawe wapi, lakini lazima yawepo ya pande zote mbili. Ukibakiza yote, umenakili kwa mwandiko mwingine. Ukigeuza yote, uhusiano umekatika na hakuna sababu ya kuazima majina.

Shaaban Robert anafundisha hapa kuliko mtu yeyote ninayemjua katika lugha yetu. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, imejengwa juu ya kisa cha Abdullah bin Fadil na ndugu zake katika Alfu Lela Ulela. Uti wa mgongo wa kisa ameuacha mzima: liwali mwema ana siri ya kuwachapa kila usiku wanyama wawili, na wanyama hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya uovu waliomtendea. Aliyoyageuza ni machache lakini yamechaguliwa kwa makini. Mbwa wamekuwa manyani. Basra ya khalifa imekuwa nchi ya kubuni, Ughaibuni, chini ya mfalme Rai. Na majina ya watu yamekuwa majina ya tabia: Adili, Hasidi, Mwivu. Badiliko hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalokigeuza kisa cha maajabu kuwa mafunzo ya maadili, kwa sababu tangu ukurasa unaotaja majina hayo msomaji hangoji tena kujua nani atatenda uovu. Anangoja kuona husuda inatendaje kazi ndani ya nyumba moja.

Jifunze pia kwamba kinachorithiwa si lazima kiwe msuko. Mwaka 1858 Mwana Kupona alitunga utenzi wa kumuusia binti yake, na umbo lile la mzazi anayezungumza na mwanawe kwa beti za mawaidha likawa nyumba ambayo wengine wamehamia. Shaaban Robert aliingia humo na Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hakuna tukio lililochukuliwa, kwa kuwa hakukuwa na tukio. Kilichochukuliwa ni mkao wa msemaji mbele ya msikilizaji. Lakini badilisha msemaji tu, baba akae alipokuwa amekaa mama, na wosia mzima unaanza kuulizwa maswali mapya kuhusu nani anamfundisha nani na kwa mamlaka gani.

Kwa kisa cha Saada, mkataba wangu ulikuwa hivi. Sitagusa mpangilio wa matukio, wala mkate wa wishwa, wala uroho wa walinzi, wala ngoma. Sitamfanya Saada kuwa shujaa aliyepanga njama nzima, kwa maana huko kungekuwa kumnyang'anya Liyongo wimbo wake, na utenzi hauruhusu. Nilijipa ruhusa ya kuigeuza nafsi ya usimulizi, kuuacha ubeti na kuandika nathari, na kubuni chochote kinachotokea kati ya mlango wa nyumba na mlango wa gereza, kwa kuwa eneo hilo utenzi umeliacha wazi. Aya ya kwanza ilitoka hivi:

"Mkate ule ulikuwa mzito kuliko yote niliyopata kuibeba. Bibi alikuwa ameuviringa katika wishwa mpaka pembeni ili usitamanike, akanikabidhi bila kunitazama usoni, nami nikajua kwamba nikitazamwa nitaulizwa kama naogopa. Mlangoni walinzi walilipokea sinia kama walivyozoea. Mmoja akaugonga mkate kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, na sauti iliyomjibu haikuwa sauti ya mkate. Akaniangalia. Nikamwambia ni wa juzi, umekauka, na kwamba chakula chetu sisi hukauka upesi. Walicheka wote. Usiku ngoma zilipoanza na mji mzima ukaenda kucheza, mimi nilibaki barazani, na chini ya matoazi nilisikia kitu kingine, chembamba, chuma kikila chuma."

Angalia ni wapi aya hii inaegemea utenzi na wapi inauacha. Walinzi wanacheka kwa dharau ileile iliyomo katika masimulizi. Bila dharau hiyo mkate usingepita. Lakini safari hii Saada anaitumia kwa makusudi, anapowaambia kwamba chakula cha watu wa daraja lake hukauka upesi, na kwa sentensi moja tu unyonge wake unakuwa silaha. Kelele za ngoma katika utenzi zinamfunika Liyongo asisikike. Hapa yumo mtu mmoja anayemsikia, kwa sababu ndiye pekee anayejua cha kusikiliza. Sikuongeza tukio lolote. Niliongeza sikio.

Katika rasimu ya kwanza kulikuwa na sentensi nyingine baada ya hiyo ya mwisho, ambamo Saada alisema kwamba historia huwasahau watu wanaobeba. Niliifuta. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa sauti yangu, na msomaji aliyefika pale alikuwa amekwisha kulielewa jambo hilo kwa masikio ya Saada. Utakutana na jaribu hili mara nyingi, na kwa kawaida litakujia mwishoni mwa aya.

Kumwachia msomaji alama

Matini mpya ina wasomaji wa namna mbili kwa wakati mmoja: anayeijua matini asilia na asiyeijua. Wa kwanza anahitaji alama za kumtambulisha njia; wa pili anahitaji kisa kinachoeleweka bila msaada. Waandishi wengi humhudumia mmoja na kumsahau mwingine.

Alama iliyo bora ni ile isiyomzuia msomaji wa pili. Kithaka wa Mberia alifanya hivyo katika tamthilia yake ya mwaka 2001 ambayo wahakiki wengi huisoma sambamba na kisa cha Liyongo. Majina ya watu na ya nchi ni mengine, na utawala unaopingwa una sura ya siku zetu. Lakini kichwa kinasema Kifo Kisimani. Aliyekua akisikia habari za Liyongo atalisikia neno "kisimani" na mara moja atamwona mtu aliyepiga goti na upinde. Na akigundua kwamba msaliti anatoka katika damu ya shujaa mwenyewe, atajua kwamba hakukosea. Asiyemjua Liyongo hapotezi lolote, kwani kwake kichwa ni onyo kwamba mtu atakufa na mahali atakapofia.

Basi tumia kichwa, jina la mhusika, kifaa kimoja kinachokumbukwa, au tukio linalotambulika kwa umbo lake. Usitumie vyote. Alama zikizidi, msomaji anayejua huacha kusoma kisa na kuanza kuhesabu alama, akifurahia elimu yake badala ya kuumia na Saada. Na kamwe usimweke mhusika ambaye kazi yake ni kuieleza matini asilia kwa muhtasari. Kama jambo fulani la zamani ni la lazima ili kisa kieleweke, liingize kama jambo linalowasumbua wahusika sasa hivi, nao walizungumze kwa sababu wanalihitaji.

Mdundo pia ni alama, na mara nyingi husahauliwa. Nathari inaweza kubeba mwangwi wa ubeti bila kuwa ubeti. Unapoandika upya utenzi, jaribu kuzisoma sentensi zako kwa sauti baada ya kusoma beti kumi za asilia. Mizani nane ya kipande cha utenzi hukaa sikioni, na sentensi fupi ikiangukia hapo mahali panapofaa, msikilizaji huihisi hata kama hawezi kusema amehisi nini. Lakini msamiati wa kale utumie kwa kiasi kidogo sana. Lahaja ya Kiamu katika kinywa cha Saada ingekuwa sahihi kihistoria, na mtu aliyezaliwa nayo anaweza kuiandika kwa uzuri mkubwa; mimi sikuzaliwa nayo, na maneno matatu ya kuazima yangekuwa pambo tu.

Deni na haki

Anayeandika upya anataka matini asilia itambulike. Mwizi wa maandishi anaomba isitambulike. Tofauti hii ya nia ni ya msingi, lakini nia haionekani mahakamani, kwa hiyo mambo mawili ya vitendo yanahitajika.

La kwanza ni hakimiliki. Mkataba wa Berne, uliofikiwa mara ya kwanza mwaka 1886 na unaofuatwa leo na nchi nyingi duniani, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi wa kazi za fasihi kuwa uhai wa mwandishi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi kadhaa, zikiwamo za Umoja wa Ulaya, zimekirefusha hadi miaka 70. Ndani ya muda huo haki ya kuirekebisha kazi na kuitoa kwa umbo jingine ni ya mwandishi au warithi wake. Wazo, mada na muundo wa jumla havina mwenyewe. Wahusika walioendelezwa kwa kina na mfululizo mahususi wa matukio vinaweza kuwa naye. Kama matini unayoikusudia bado ina ulinzi, omba kibali kwa maandishi kabla ya kuchapisha, au rudi nyuma zaidi hadi kwenye kisa cha kale ambacho mwandishi huyo naye alikitumia. Ngano na visa vya mapokeo kwa kawaida havina mwandishi mmoja, ingawa zipo nchi zenye kanuni za kulinda fasihi simulizi. Kumbuka pia kwamba mkusanyo au tafsiri ya kisa cha kale inaweza kuwa na hakimiliki yake yenyewe hata kama kisa hakina. Kisome humo, lakini usichukue maneno ya mkusanyaji.

La pili ni kulikiri deni. Sentensi moja mwanzoni au mwishoni mwa kazi inatosha, ikitaja matini asilia na, kwa kisa cha mapokeo, toleo ulilolisoma. Kwa masimulizi uliyoyapata kinywani mwa mtu, mtaje kama ameridhia kutajwa. Sioni sababu ya kuwa bahili katika jambo hili. Msomaji anayeambiwa kisa kimetoka wapi mara nyingi huenda kukitafuta, na matini mbili zikisomwa pamoja zote hunufaika.

Majaribio ya mwisho

Rasimu ikiisha, mpe msomaji anayeijua matini asilia na msomaji asiyeijua, na usiwaeleze lolote. Muulize wa kwanza: ni jambo gani katika matini ya zamani unaliona tofauti sasa? Akisema hakuna, ukimya uliouchagua haukuwa na uzito au hukuufikia. Muulize wa pili: ni wapi ulihisi kuna mazungumzo yanayoendelea ambayo hukualikwa? Mahali atakapopaonyesha ndipo ulipoegemea mno elimu ya msomaji mwingine.

Usiyachanganye majibu yao. Anayejua akikuambia kwamba ungeongeza habari za mtawala wa Pate, au habari za sindano ya shaba, mara nyingi anataka kisa anachokipenda kirudi kizima. Msikilize kwa heshima na uendelee na mkataba wako. Lakini akikuambia kwamba mhusika fulani hangeweza kutenda ulivyomtendesha, rudi kwenye daftari, kwa sababu huenda umevunja jambo uliloahidi kutoligusa.

Msomaji wangu asiyemjua Liyongo aliisoma aya ya Saada mara mbili. Alielewa kuwa mkate una kitu ndani yake, alielewa walinzi, alielewa hata chuma kikila chuma. Kisha akauliza nani aliyekuwa gerezani, na kwa nini kijakazi amjali. Nilikuwa nimeliacha jina nje kwa kiburi kidogo, nikiamini kila mtu atajua. Nilirudi kwenye sentensi ya walinzi na kuongeza maneno machache baada ya kicheko chao, kwamba kutoka ndani mfungwa aliimba mstari mmoja tu wa wimbo aliomfundisha siku iliyotangulia, na kwamba aliuimba kwa sauti ya mtu anayeuliza. Jina bado halimo. Msomaji yule alisema sasa anajua vya kutosha. Na yule mwingine, aliyekua na utenzi, alisema kwamba hakuwahi kufikiri kuwa Liyongo naye alikuwa akingoja jibu.